Kucha za Mkono wa Kulia

Nimetubu hadharani mara moja tu maishani, na hata hiyo toba sikuifikisha mwisho. Ilikuwa Kibokoni, miaka ile gari la moshi la bara lilipokuwa bado habari mpya ya barazani, nami ni kijana wa kushona kofia mchana na kupiga gambusi kwenye harusi za watu. Nilipiga kwa unyoya wa tai kama walivyopiga wote, na nilijiona fundi. Mamangu alipopeleka posa kwa Maalim, yule aliyesomesha Kurani watoto wa mtaa mzima, jibu lilirudi kabla kahawa haijapoa: hana binti wa kumpa mpiga nyuzi.

Binti mwenyewe nilimtaka sana, na sioni haya kulisema sasa. Tulisoma pamoja katika chuo cha babake tukiwa wadogo, kabla hajawekwa ndani. Mimi nilikuwa wa kukosea mahali pale pale kila siku, na yeye alikuwa wa kunisahihisha kabla babake hajainua bakora. Hakunisahihisha kwa wema. Alifanya hivyo kwa kuwa kosa lilimkera masikioni, na akishanisahihisha alicheka. Wengine hupenda macho, wengine hupenda mwendo. Mimi nilipenda kile kicheko cha kunidharau, na miaka saba ya kutomwona haikukiondoa.

Basi nikatubu. Ijumaa moja baada ya sala nilisimama kwenye baraza ya msikiti na gambusi mkononi, nikasema mbele ya wazee kwamba mkono huu hautalishika tena gambusi mpaka nizikwe. Nikampa binamu yangu alichukue, akaliuze anakokujua. Wazee wakaitikia amin. Mmoja akatokwa na machozi, ingawa yeye alilia kwa kila kitu, hata bei ya papa ikipanda. Nilirudi nyumbani nikijihisi mwepesi, na wepesi huo ulidumu kama mwezi mmoja.

Siku moja nikaenda Ndia Kuu kununua uzi mwembamba kwa Mgoa mmoja mshona suti. Duka lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu mbele. Nyuma ya pazia palikuwa pakipigwa muziki, na nilisikia wazi kwamba wapigaji ni wawili: mmoja yuaenda polepole kwa sauti nene, mwingine anacheza juu yake kwa sauti nyembamba. Nikafunua pazia. Mgoa alikuwa peke yake, gitaa pajani, hana unyoya wala chochote, vidole vitupu. Niliinama hata chini ya meza ya kukatia nguo nione mwenzake yuko wapi.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa mimi ni mwanachuoni mkubwa. Niliapia gambusi, gitaa sikulitaja. Gambusi lina ngozi tumboni, gitaa ni mbao tupu. Gambusi hupigwa kwa unyoya, na hili halina unyoya. Kutoka Ndia Kuu mpaka mlangoni kwetu nilikuwa nimekwisha kujitolea fatwa nne, na zote zilikuwa upande wangu. Nimeishi kutosha kujua kwamba hakuna anayesoma kwa bidii kama mtu anayetafuta ruhusa.

Mgoa alikubali kunifundisha, nami badala yake nikamshonea matundu ya vifungo, kazi aliyoichukia. Saa yetu ilikuwa baina ya adhuhuri na alasiri, mji ukiwa umelala. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, hakina salamu wala pole. "Mkono huu amekufa," aliniambia siku ya kwanza, akiushika mkono wangu wa kulia kama anayekagua kitambaa kibovu. Kisha akagawa kazi. Kidole gumba kilipewa nyuzi tatu nene. Cha shahada kikapewa uzi wa tatu, cha kati wa pili, cha pete wa kwanza, na kila kimoja kikakatazwa kugusa uzi wa mwenzake. Kidole cha mwisho hakikupewa kazi yoyote. Kikae tu, kama mtoto wa tajiri. Mkono wenyewe usiruke. Aliniwekea kibiringo cha uzi juu ya mgongo wa kiganja, na kikianguka nilianza upya. Wiki ya kwanza nilikuwa mtu wa kuanza upya tu.

Tabu yangu ilikuwa moja. Kidole gumba na cha shahada havikutaka kuachana. Kwa miaka kumi vidole hivyo vilishika sindano pamoja toka asubuhi, tundu kwa tundu, na sasa Mgoa anataka kimoja kishuke na kingine kibaki. Alinifundisha wimbo mfupi wa kwao, na katikati yake pana mahali ambapo gumba hushuka peke yake mpaka kwenye uzi mnene kuliko zote, huku cha shahada kikingoja juu. Kila nikifika hapo vilishuka vyote viwili, na gitaa likatoa sauti ya sufuria iliyoanguka. Baada ya siku chache Mgoa akaanza kufumba macho mapema, kabla sijafika.

Halafu akaleta habari ya kucha. Aliuliza kucha zangu ziko wapi, nikamwambia ziko pale zinapotakiwa kuwa, yaani nimezikata Ijumaa kama watu wote. Akanionyesha zake. Za kushoto zilikuwa fupi, za kulia zimepita nyama kidogo, amezisugua kwa ngozi ya papa mpaka zikalainika. Nyama peke yake, alisema, hutoa sauti ya mtu mwenye mafua. Nikaacha kukata za kulia. Mamangu aliziona siku ya tatu, kwenye sinia ya wali.

"Mkono huno ni wa mtu au wa paka?"

Nikamwambia ni za kofia, zanisaidia kushika sindano. Akasogeza mchuzi upande wake. Tangu siku hiyo nilikula mkono umefichwa nusu ndani ya kanzu, na wali wa nazi ukiingia kwenye kucha hautoki kwa haraka.

Mgoa alikuwa na gitaa jingine la zamani, limepasuka ubavuni, akaniazima nifanyie mazoezi nyumbani. Nililizungusha mkeka, nikalipakata kwa mikono miwili nisiligonge, nikaingia nalo vichochoro vya Kibokoni nikitembea taratibu. Sikufikiri hata kidogo jinsi lilivyoonekana. Nilipofika kwenye baraza ya kwanza wazee walinyamaza, wakasimama wote, wakasema Inna lillahi. Mtu anayebeba kitu cha urefu ule ndani ya mkeka, kwa mwendo ule, huwa amefiwa na mtoto. Wawili wakavaa viatu wakanifuata nyuma, na kwenye kona akaongezeka wa tatu, ambaye alitaka kunipokea, kwa kuwa kupokeana maiti kuna thawabu.

"Si maiti," nikasema.

"Ni nini basi, mwanangu?"

Ulimi wangu haujawahi kuniangusha ninapotaka kusema uongo. Nikasema ni marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, kubwa, la mti mzito, nimelinunua ili nisome vizuri. Wale watatu walitazamana. Wakanisindikiza mpaka mlangoni hata hivyo, na kufikia magharibi mtaa wote ulijua kwamba yule mpiga nyuzi aliyetubu sasa anakesha na Kurani.

Uongo huo ungekufa wenyewe kama si vidole vyangu. Mgoa aliniamrisha nifanye mazoezi hata nikiwa sina gitaa: gumba, shahada, kati, pete, gumba, shahada, kati, pete, kila kimoja peke yake, bila haraka, huku nikihesabu. Basi nikawa nahesabu. Nilihesabu pajani nikingoja sala. Nilihesabu kwenye hitima, kwenye baraza, nikitembea kwenda Liwatoni kununua samaki. Vidole vya mkono wa kulia vinagongana na gumba kimoja baada ya kimoja, midomo inacheza, macho yako mbali. Mahali pengine popote ulimwenguni wangeniona nina wazimu. Kibokoni waliona namtaja Mungu.

"Mtazameni," nilimsikia mzee mmoja akinong'ona. "Yuwaleta uradi hata kwenye jua hili."

Ningeweza kumwambia ukweli. Niliona haya, lakini haya zile hazikufika mdomoni. Mtu akikupa cheo ambacho hukukiomba, ni vigumu kumrudishia mbele za watu. Wakaanza kunipisha safu ya mbele. Mama mmoja akaniletea kikombe cha maji nimsomee mwanawe anayeumwa na tumbo; nikasoma Alhamdu kwa unyofu wote niliokuwa nao, na mtoto akapona, jambo lililonitia hofu kuliko kama angezidi. Hata ukucha mrefu walioniona nao walinitafutia sababu: mtu aliyezama namna ile, walisema, hana habari na mwili wake. Wale wale walionikataa kwa unyoya mmoja wa tai sasa walinisifu kwa kucha nne.

Nyumbani nilipiga chumba cha juu, dirisha limefungwa, nikisharudi kutoka kwa Mgoa na mji bado uko katika usingizi wa mchana. Nyumba ya Maalim ilikuwa ya pili kutoka kwetu, na nilijiambia kwamba kuta zetu ni nene na Maalim amechoka na kelele za watoto. Kila siku nilianza wimbo wa Mgoa vizuri. Kila siku nilifika pale katikati, sufuria ikaanguka, nikarudi mwanzo. Mwisho wa wimbo ule sikuwahi kuufikia hata mara moja.

Siku moja mke wa Maalim akaja kumwamkia mamangu, akakaa, akasifu mahamri, na baada ya kusifu kila kitu kilichokuwamo chumbani akasema Maalim anauliza ile barua ya posa iliishia wapi. Maalim alisema mwenyewe, kwa maneno haya: "Nimeviona vidole vya yule kijana. Havilali." Mamangu alilia kwa furaha. Mimi nilikaa ngazini nikisikiliza, na furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake, kwa sababu vidole alivyoviona Maalim ndivyo hasa alivyovikataa mwaka uliopita. Baada ya siku mbili jibu likaja kamili: binti ameulizwa na babake, amenyamaza, na kunyamaza kwa mwari ni kuridhia.

Binamu yangu, ambaye alikwisha kuoa mara tatu na kujifanya bingwa, ndiye aliyeniharibia usingizi. Nilimwuliza akdi ya ndoa huwa vipi. Akaniambia nitakaa magoti kwa magoti na Maalim, naye atanishika mkono wa kulia, kiganja kwa kiganja na gumba kwa gumba, mpaka maneno yaishe. "Na Maalim haachii upesi," akasema, akiutazama mkono wangu na kucheka. Yeye peke yake mtaani hakuamini uradi wangu, kwa kuwa alinijua.

Nilifikiri siku mbili. Kucha zile zilikuwa zimenichukua miezi mitatu, na sauti ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutulia. Hata Mgoa siku hizo alikuwa akichelewa kufumba macho. Nikizikata, narudi kwenye mafua. Nisipozikata, Maalim atazihisi kiganjani, atauliza, na safari hii ulimi wangu ungekosa uongo, kwa sababu mbele ya akdi hata mimi naogopa. Na binti alikuwa mmoja tu. Nilikwenda dukani kwa Mgoa nikamwomba mkasi.

Alielewa kabla sijamaliza. Aliuchagua ule mdogo wa kukatia nyuzi, akanipa. "Kata," akasema. "Ukucha naota. Bibi haioti." Nilikata nne zote na kuzifunga kwenye kitambaa, kisha nikajiona mpumbavu nikazitupa. Mgoa alikwenda mbele ya duka akasimama akitazama toroli za abiria zikisukumwa kwenye reli ya barabarani, akanipa mgongo mpaka nilipoondoka. Nilidhani ana kazi. Sasa naamini aliona uchungu.

Akdi ilikuwa baada ya alasiri, msikitini. Maalim akanishika mkono, wakatandaza kitambaa cheupe juu ya mikono yetu, akaanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa woga. Na mkono wangu, ukiogopa, ulikuwa umezoea kufanya jambo moja. Nilihisi vidole vikianza vyenyewe chini ya kitambaa, kwenye kiganja cha Maalim: gumba, shahada, kati, pete. Nikajaribu kuvizuia. Vikaendelea. Maalim akakatiza maneno, akainua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akawageukia wazee.

"Hata hapa," akasema. "Hata hapa yuwamtaja."

Msikiti mzima ukatoa sauti ya mshangao. Nilikubali mke kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, na kutetemeka huko nako wakakuhesabu ni ucha Mungu. Binamu yangu alikuwa amejifunika uso kwa kilemba, na mabega yake yalikuwa yakicheza.

Siku ya tatu ya fungate, asubuhi, tulikuwa tunakula mkate wa kumimina nyumbani kwao. Siku mbili za kwanza mke wangu alinisemesha kwa adabu, kama mgeni anayesubiriwa aondoke. Asubuhi hiyo aliutazama mkono wangu wa kulia ukimega mkate. Akauchukua, akaugeuza, akagusa vidole kimoja kimoja.

"Kucha zi wapi?"

Nikamwuliza kucha gani.

"Za kupigia. Mimi si babangu."

Nikamwambia nimezikata. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa ajili yako, na nililisema kwa kujisikia, nikingoja alainike. Hakulainika.

"Hukuniuliza," akasema. "Wala ndoa yenyewe hukuniuliza."

Kisha akanieleza, na alinieleza bila haraka. Alikuwa akinisikia kila siku, miezi mitatu, kupitia dirisha la chumba chao cha juu, ingawa langu nililifunga. Babake pia alisikia, lakini babake aliamini ni santuri ya Mhindi wa jirani, na kwamba sahani imekwaruzika, kwa sababu kila siku ilikwama mahali pamoja ikarudi mwanzo. Alikusudia kumwendea yule Mhindi amwambie anunue nyingine. Mke wangu ndiye aliyejua kuwa si santuri. Alijua ni mtu, na alijua ni mtu gani, kwa kuwa alimfahamu mmoja tu awezaye kukosea mahali pale pale miezi mitatu bila kuchoka.

"Siku babangu aliyokuja kuniuliza," akasema, "ulikuwa wapiga. Ulikuwa wakaribia pale. Siku hiyo ulianza vizuri mno, nikasema leo atapita. Babangu akauliza, nami nikanyamaza nikusikize upite. Hukupita. Nilipogeuka babangu ashashuka ngazi na jibu lake."

Miezi ile yote nilikuwa nikiucheka mtaa kwa kunipa udini nisiokuwa nao, na kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa katika ndoa niliyopewa kwa sababu nilikosea wimbo. Kama gumba langu lingeshuka peke yake siku ile, angepata nafasi ya kufungua mdomo, na sijui angesema nini. Hilo liliniuma kuliko kukataliwa kwa mara ya kwanza. Nilimwuliza: angalisema nini? Akanywa chai yake. Akasema swali hilo halijibu mpaka apasikie pale mahali pakipitwa, kwa sababu amepangoja muda mrefu na ni haki yake.

Fungate ilipokwisha tulihamia kwetu, chumba kile kile cha juu. Gitaa lilitoka ndani ya mkeka. Nilipiga bila kucha, likatoa mafua kama alivyosema Mgoa, na mke wangu akasema yule wa dirishani alikuwa bora. Kila siku baada ya adhuhuri alikaa na ukili wake akisuka, na kila nikikosea alisema "Rudi," kwa sauti ya babake kabisa, ila yeye alicheka baadaye. Nilikisikia tena kile kicheko. Sikukiri mbele yake kwamba siku nyingine nilikosea makusudi. Kucha zikaota. Mtaani niliendelea kuwa walii, na Maalim akawaambia wanafunzi wake waige vidole vya mkwewe, mpaka ukipita kwenye chuo kile unakuta watoto arubaini wakijifunza kupiga gitaa bila kujua.

Siku niliyopapita haikuwa na ajabu yoyote. Gumba lilishuka peke yake, kidole cha shahada kikabaki juu kikingoja zamu yake, na wimbo ukaendelea kwenda mahali nisipopajua, mpaka ukaisha. Niliogopa hata kuinua macho. Mke wangu akaweka ukili chini.

"Haya," akasema. "Sasa niulize."

Nikaweka gitaa chini, nikamwuliza lile swali la babake, kama ameridhia kuolewa nami. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mkono wa Maalim, kwa sababu safari hii chumba kilikuwa kimya, na kama angenyamaza ningejua maana yake. Hakunyamaza. Alisema ameridhika, tena akalisema kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Kisha akasema kidole changu cha pete bado ni kizito, nirudi mwanzo.